Shingo ya Jirani Yangu

Jumamosi, kwa fundi redio mjini Korogwe, jirani yangu alikuwa akifungiwa redio mpya ya kioo kikubwa kwenye gari la kumbebea bibi harusi.

"Mzee, waya wa kamera ya nyuma hauungani na redio hii," fundi alimwambia. "Kiunganishi kinatoka Tanga, kesho kitafika."

"Harusi ni leo. Weka muziki. Kurudi nyuma nina shingo."

Tulipofika Kabuku, aliingiza gari kinyumenyume uani kwa kina bibi harusi huku muziki ukitikisa vioo. Bibi mmoja mzee wa nyumba ile alikuwa mkekani akimenya vitunguu. Alipiga kelele, lakini nani angemsikia?

Bibi yule amevunjika mguu. Jirani anasema ni mipango ya Mungu. Mimi nilikuwa nimekaa kando yake garini. Shingo anayo kweli, ila ilikuwa ikicheza muziki.