Nilivyotengeneza bendiso ya kubeba mabegani nikaenda kuwazibia watu njia Mgeta

Wakuu, nawasalimu kutoka mji kasoro bahari.

Haya nayoandika yamenitokea mwenyewe, mwanzo mwisho. Najua humu ndani mtu akieleza kitu alichotengeneza kwa mikono yake, comment ya kwanza huwa ni "chai", yaani umetunga. Sawa. Atakayeona ni chai apite Bigwa, aulizie fundi mageti mwenye nyusi upande mmoja, ataletwa mpaka mlangoni. Nyusi za upande wa pili ziliondoka na grenda, hazihusiani na uzi huu.

Kazi yangu ni kuchomelea. Mageti, grili za madirisha, vitanda vya chuma. Kwetu Singida, ila nimeoa Mluguru wa Mgeta, na hapo ndipo mambo yalipoanzia.

Masika iliyopita mkaratusi mkubwa uling'oka ukweni. Niseme kwa mama mkwe, maana kwa Waluguru ardhi inafuata upande wa mama. Baba mkwe yupo pale kama mimi nilivyo, mgeni aliyezoeleka.

Huo mti haukuangukia shambani ukatulia. Mizizi ilibaki kwenye shamba la mama kule juu, shina likateremka likavuka njia, na matawi yakaenda kuning'inia korongoni.

Na njia yenyewe ndiyo wanayoshushia karoti, kabichi na njegere mpaka kwenye malori ya Dar. Kuzunguka haiwezekani. Unapanda juu ya gogo na tenga lako kichwani, unashuka upande wa pili, na huku unamsema mama mkwe wangu.

Matawi watu waliyamaliza kwa kuni haraka sana. Shina ndiyo ikawa kesi. Mwenyekiti wa kitongoji alishapata mtu wa chenso wa kulikata vipande vifupi na kuvisukumia pembeni. Mama hataki. Anataka mbao ndefu za kenchi, maana nyumba yake paa limechoka, na anasema mti ameupanda mama yake mzazi, hauwezi kuishia kwenye jiko la mtu.

Tulikuwa mezani mama alipopiga simu. Mke wangu akaweka loudspeaker. Mama akaeleza yote, na kwamba mwenyekiti amempa mpaka soko linalofuata.

Mimi nina ugali mdomoni, nikasema, "Mama, usiwaruhusu. Nina mashine."

"Mashine gani, baba Neema?"

"Ya kupasulia mbao. Inabebeka. Nakuja nayo."

Mke wangu akaacha kula, akaniangalia.

Wakuu, mashine sikuwa nayo. Nilikuwa na video. Kuna mzee wa nje huko mwenye ndevu nyeupe anatengeneza bendiso nyuma ya nyumba yake kwa mabaki ya magari, nilikuwa nimemwangalia mpaka naota. Ila mama mkwe alishakata simu, na najua kabla sijanawa mikono kitongoji kizima kilikuwa na habari kwamba mkwe analeta mashine.

Kwa wasioijua bendiso, ni bledi ndefu ya msumeno iliyounganishwa ikawa duara kama mkanda, inazungushwa na magurudumu mawili. Gogo linalala chini, wewe unausukuma msumeno juu ya reli, unatoa ubao. Uzuri wake bledi ni nyembamba. Ukipasua mbao kwa chenso, nusu ya mti inaondoka kama unga.

Nikamfuata rafiki yangu Shabani, fundi wa kukereza vyuma, jirani yangu pale kazini. Shabani ana tabia moja: hakatai kitu. Ukimwambia tutengeneze ndege atakuuliza unataka ya siti ngapi.

Toleo la kwanza tuliweka ringi za bajaji. Nyepesi, zinapatikana, ukubwa wa kubebeka. Tukafunga injini ya pampu ya maji, fremu ya skweya paipu, tukavalisha bledi, tukawasha. Ilizunguka vizuri kwa muda wa mtu kusema "unaona sasa". Halafu bledi ikakatika.

Kumbe bledi ikipindwa kwenye duara dogo inachoka upesi. Ringi lazima ziwe kubwa. Shabani akaja na zile spea taya nyembamba za gari ndogo, zenye mipira yake, na zile ndizo zilifanya kazi. Ule mgongo wa tairi ndio unaoishika bledi isiteleze. Anayetaka kutengeneza ashike hilo, asipoteze muda kama sisi.

Siku ya majaribio hatukuwa na gogo. Nyuma ya banda langu kuna migomba, na mmoja ulishazaa, ni wa kukatwa tu. Nikasema tujaribu na huo.

Wakuu, usipasue mgomba kwa bendiso.

Mgomba ni maji. Bledi ilipoingia, ule utomvu ulirushwa mstari mmoja kama bomba la zimamoto, ukapita juu ya ua, ukatua kwenye kamba ya nguo ya jirani, mama Zuhura. Mashuka. Meupe. Ya wageni. Na utomvu wa mgomba mnaujua, unakauka unakuwa kahawia na hautoki mpaka nguo inazeeka.

Mama Zuhura alikuja taratibu, akasimama, akaangalia mashine, akaangalia mgomba uliopasuliwa mbao safi kabisa.

"Baba Neema," akasema, "mbao za mgomba mnamuuzia nani?"

Shabani akamjibu, "Ni majaribio, mama."

"Na mashuka yangu nayo yalikuwa ya majaribio?"

Yale mashuka nilinunua mengine. Ila ubao ulikuwa umenyooka, na mimi nilichokiona siku ile ni huo ubao tu.

Safari ya Mgeta tulipanda lori la mboga likiwa linarudi tupu. Tulipofika mwisho wa barabara, mashine tukaifungua vipande na vijana wa kule wakabeba. Fremu watu wanne, injini imefungwa kwenye mti wa kubebea kama mgonjwa, reli mabegani. Shabani akabeba bledi, ameikunja imekuwa duara, ameivaa begani kama mkoba. Kila aliyemkuta njiani alimpisha mbali.

Tulipofika, mama alikuwa amevaa kitenge kipya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo yenyewe."

Akaizunguka. Akagusa tairi. "Hii si ya gari?"

"Ilikuwa, mama."

Akatikisa kichwa polepole, sikujua kama ni kwa kukubali au kwa huruma.

Sasa sikilizeni kosa lilipo. Bigwa uwanja wangu ni tambarare. Mashine nilipoisukuma ilienda, nilipoiacha ilisimama. Kwa hiyo breki sikuiwazia kabisa. Kule gogo limelala kwenye mteremko, kutoka shambani kushuka njiani. Nikapanga reli zifuate gogo, moja kila upande, kutoka juu kwenda chini. Akilini niliona sawa, kwamba msumeno unatakiwa ufuate mti.

Shabani akauliza, "Mteremko huu hautusumbui?"

Nikamwambia, "Utatusaidia kusukuma."

Watu walishajaa. Ilikuwa siku ya kushusha mboga, matenga yamepangwa pembeni, kila mtu anataka kuona kabla hajapita. Mwenyekiti naye yupo na mtu wake wa chenso, yule kijana ameilaza chenso yake miguuni, ametulia kama mtu aliyeletewa sinema.

Nikawasha. Nikashusha bledi. Nikatoa jiwe lililozuia gurudumu.

Mwanzo ilienda vizuri mpaka watu wakaanza kupiga makofi. Nami nikainua mkono kuwapungia. Mkono wenyewe ndio uliokuwa umeshika fremu.

Mashine ikaondoka.

Nikaikimbilia. Shabani akaikimbilia. Ikawa inateremka na gogo huku inakata, inanguruma, unga wa mbao unatumwagikia usoni, na mimi nyuma yake nimenyoosha mikono kama namkimbilia mtoto anayeelekea barabarani. Watu waliokuwa chini waliruka pembeni na matenga yao. Karoti zikateremka korongoni.

Haikufika mbali. Bledi ilikuwa inalazimishwa kula kuliko uwezo wake, ikazama kwenye gogo, ikabanwa, injini ikakoroma ikazima. Mkanda wa injini ukatoa moshi.

Mahali iliposimama, wakuu, ni juu ya njia. Katikati kabisa. Gogo lilikuwa la kiunoni, sasa juu yake kuna fremu ya chuma inayomzidi mtu kimo.

Mwenyekiti akakohoa kidogo. "Asubuhi tulikuwa na tatizo la mti," akasema.

Hakuna aliyecheka mpaka baba mkwe alipocheka. Mzee yule alicheka mpaka akakaa chini. Halafu wakacheka wote, hadi yule wa chenso, na Shabani naye akageukia mlimani, naona mabega yanamtikisika.

Nilitamani korongo linichukue pamoja na zile karoti. Nilikuwa nimewaahidi watu, mama ameitetea mashine yangu mbele ya kitongoji kizima, na sasa mama mmoja mwenye tenga la kabichi amepanda gogo, anapita chini ya fremu yangu kwa magoti.

Mwenyekiti akamwambia mama, "Sasa nadhani tumwachie kijana wa chenso."

Mama mkwe akanigeukia mimi. "Baba Neema, kimeharibika kitu?"

Nikakagua. Bledi ilikuwa nzima, imepinda kidogo. Mkanda wa injini tulikuwa na wa akiba.

"Hapana mama. Nimeanzia upande mbaya tu. Ilitakiwa ikate ikipanda, siyo ikishuka. Ila ikipanda inahitaji kuvutwa na kamba, na mimi na Shabani peke yetu hatuiwezi."

Mama akafunga kitenge vizuri. Akaenda akasimama penye uwazi ule mdogo watu walipokuwa wanapita kwa magoti, akaweka mikono kiunoni.

"Anayetaka kupita," akasema, "avute kamba kwanza."

Mwenyekiti akasema hiyo ni njia ya watu wote. Mama akamjibu kwamba ndiyo maana watu wote watavuta.

Tukaichomoa bledi kwa kabari, tukageuza kichwa cha mashine, tukafunga kamba mbele na nyingine nyuma ya kushikia ikitaka kurudi. Na watu wakavuta kweli. Nadhani hawakuwa na namna, malori yalikuwa yanasubiri. Wengine nadhani walipenda tu. Mwenyekiti mwenyewe alivuta, na koti lake.

Tatizo walianza kuimba. Mtu wa kule akishika kamba na wenzake lazima aimbe, na kila kiitikio kinakuja na mvuto mmoja wa nguvu. Mashine inaruka, inasimama, inaruka, inasimama. Na bledi ikivutwa hivyo inayumba, inapanda na kushuka ndani ya mti.

Ubao wa kwanza ulipotoka tukaugeuza. Ulikuwa na mawimbi kutoka mwanzo hadi mwisho, kama bati la migongo mikubwa. Shabani akaupapasa, akasema, "Hapa ndipo walipoitikia."

Nikawaomba wavute bila kuimba. Walishindwa. Nikawaomba waimbe wimbo wa polepole. Wakakubaliana na ule wanaoimba kanisani wakati wa kutoa sadaka, wa kutembea mdogo mdogo, na hapo mashine ikatulia ikaenda kama maji. Ubao wa pili ulinyooka. Wa tatu nao hivyo hivyo. Kila kundi la mboga likifika linakuta kamba, linavuta ubao mmoja, linapita, linakuja jingine.

Mpaka jua linaelekea kuzama gogo lilikuwa limeisha na njia iko wazi. Yule kijana wa chenso alituomba kazi moja tu, akate kisiki cha mizizi, naye aseme alifanya kitu.

Mbao za kenchi zilitosha, paa la mama sasa limekaa vizuri.

Ule ubao wa mawimbi nilitaka kuupiga randa au kuutupa, nikaona aibu kuuacha pale. Mama akakataa. Akauweka juu ya mawe mawili pembeni ya njia, ukawa benchi la kupumzikia watu na matenga yao. Na wenyeji wanasema ni benchi bora Mgeta yote, kwa sababu kila mtu ana bonde lake, hamgombani, na kwenye mteremko ule huserereki kumwangukia mwenzako.

Mara ya mwisho nilipoenda nilimkuta mama amekaa hapo na mgeni wake kutoka Mlali. Yule mgeni akauliza mbona ubao una mawimbi. Mama akamwambia, bila kupepesa macho, kwamba mkwe wake ndiye aliyeupima hivyo, makalio kwa makalio.

Mimi nikasema, "Ndiyo mama."

Nilichojifunza wakuu: kabla hujawasha mashine yoyote yenye magurudumu, weka pima maji kwenye reli uone kama zimelala sawa. Fanya breki hata kama uwanja ni tambarare. Magurudumu ya bledi yawe makubwa. Maji ya sabuni kutoka kwenye dumu yadondokee bledi muda wote, isipate moto. Usipungie watu mkono. Na kama una ugali mdomoni, umeze kwanza ndipo uongee na mama mkwe.

Wenye utaalamu wa kuunga bledi iliyokatika bila kupoteza makali, naomba mawazo yenu hapo chini. Na wale wenye mashuka yenye utomvu wa mgomba, kama kuna dawa mliyoipata ikafanya kazi, tafadhali andikeni. Mama Zuhura bado ameyahifadhi yale ya zamani, na kila nikichomelea anayaanika.