Kondoo Niliyempika Kabla ya Amani

Siku waasi walipotoka porini kuzungumza na wanajeshi kule Lurujo, mpishi nilikuwa mimi. Wangeshindwana, wilaya yetu nzima ya Koboko ingefunga mizigo tena kukimbilia Sudan.

Asubuhi yote, katika darasa la shule walimokutana, zilisikika kelele tu. Nyuma ya jiko nikamwona kondoo mweupe amefungwa. Nikajiambia, wenye njaa hawapatani. Nikamchinja kwa bismillahi ili Waislamu na Wakristo wale pamoja, nikamtia simsim, yaani ufuta wa kusaga, nikijisifu kwa busara yangu. Nimekulia kambi ya jeshi. Mila nazisikia kwa mbali.

Saa saba kelele zikakoma. Mzee Drani, mpatanishi wao, akatoka na meja na kamanda wa waasi.

"Wamekubali," akaniambia. "Leta ile kondoo. Hawa wawili watashika kisu moja, wachinje, vita iishe."

Nikashusha pumzi kwa furaha, kisha nikaitazama sufuria. Nao wakaitazama.

Meja akanusa. "Iko ndani?"

"Iko ndani, afande. Imeiva."

Yule kamanda akamgeukia meja, akaanza kucheka.

"Basi," akasema, "tutashika kijiko moja."