Sehemu ya Kumi na Sita ya Fergus Tannock

“Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Andika hivyo hivyo, usinipambe,” anasema Fergus Tannock, na kisu chake hakisimami hata anapocheka.

Ni saa kumi na moja alfajiri, mwezi Machi, ndani ya banda la chaza mjini Bluff, kusini kabisa mwa New Zealand. Fergus, mwenye miaka 52, amesimama mbele ya meza ya bati, glavu nene mkono wa kushoto, kisu kifupi mkono wa kulia. Anachomeka ncha, anazungusha kiganja, gamba linaachia, nyama inateleza ndooni.

Kwa zamu moja hufungua dazeni 180. Wiki ikiwa nzuri huondoka na dola 1,100. Msimu wa chaza ukifungwa huhamia kwenye machinjio ya kondoo. Vidole vyake, anasema, haviulizi ni kazi gani, vinauma tu.

Nywele zake nyekundu zimeanza kuingia mvi, na jua la dakika kumi linatosha kumbabua. Ukikutana naye dukani utaapa kwamba babu yake kashuka melini juzi kutoka Uskoti. Kwa upande wa baba hutakuwa umekosea sana.

“Leo unafungua kama Mmaori au kama Mpakeha mwenzangu?” anauliza Selwyn, jirani yake wa meza, Mpakeha, yaani Mzungu kwa lugha ya Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hii.

“Kama mtu anayelipwa kwa dazeni. Tazama ndoo yako, umejaza vipande vya magamba.”

Utani huo ulianza Novemba iliyopita, na Fergus anaufurahia kuliko anavyokubali. Kabla ya hapo swali hilo lilikuwa linamnyamazisha.

Mama yake, Ngaire, alikuwa na haki katika kisiwa kidogo huko kusini. Kila Aprili na Mei familia za ukoo huenda kule kukamata vifaranga wanono wa ndege wa baharini, huwatia chumvi na kuwafunga katika mifuko ya mwani. Haki ile hainunuliwi. Ni ya wazao wa wenye kisiwa, basi. Fergus alipelekwa mara ya kwanza akiwa na umri wa wiki tisa, na akaendelea kwenda hadi mama yake alipofariki, miaka kumi na moja iliyopita. Hapo akaacha.

Kilichomzuia ni hesabu. Baba yake, Mpakeha aliyefanya kazi relini, alikuwa amemwambia tangu utotoni kwamba sheria inamtambua kuwa Mmaori yule tu mwenye nusu ya damu ya Kimaori au zaidi. Ngaire alikuwa na moja ya nane. Fergus akagawa kwa mbili, akapata moja ya kumi na sita, akafunga kabati la vifaa vya kisiwani.

“Mama akiwepo, nilikuwa mbeba mizigo wake,” anasema. “Yeye hayupo, mimi nani?”

Kila Aprili alishuka bandarini kuwasaidia binamu zake kupakia ndoo na chumvi. Wakishaondoka, alirudi kufungua chaza.

Mwaka jana binti yake, Catriona, akasema anataka kwenda kwenye kisiwa cha bibi yake. Fergus akatoa kalamu aanze kumweleza kwa nini haiwezekani. Mkewe, Jocelyn, akamnyang’anya.

“Mimi ni Mpakeha, na tangu nizaliwe hakuna aliyeniuliza ni Mpakeha kwa kiasi gani,” alimwambia. “Kwa nini wewe tu ndiye uliyepewa kikokotoo? Nenda mahakama ya ardhi ya Wamaori ukaulize.”

Akaenda. Novemba hiyo alivaa suti ya harusi, ambayo kifungo chake kimoja kilishakata tamaa, na kubeba kurasa tatu za hesabu. Kwa kuwa aliona moja ya kumi na sita ni kidogo mno, aliifanya moja ya kumi, akiomba asikaguliwe.

Karani, msichana wa umri wa Catriona, alizisoma zote kwa adabu.

“Mzee Tannock, hiki ni nini?”

“Damu yangu.”

“Mimi nahitaji majina. Mama yako, mama yake, hadi kwa mwenye kisiwa. Sheria inauliza kama wewe ni mzao. Mambo ya nusu na robo yaliondolewa wewe ukiwa bado unanyonya.”

Fergus anasimulia kwamba alikaa chini bila kutazama kama kuna kiti. Misimu kumi na moja aliitii sheria iliyofutwa kabla hajamaliza kuota meno.

Kutoka benchi la nyuma akainuka Hinepare, dada mkubwa wa Ngaire, mwenye miaka 84. Alitaja majina sita, kutoka kwa Fergus hadi kwa mwenye kisiwa, bila karatasi. Kisha akamgeukia.

“Kwa hesabu zako hata mimi sipo, na niko hapa nimesimama. Nilidhani unatuonea aibu.”

“Na mimi nilidhani hamnihesabu, mama mkubwa.”

“Hatukuhesabu? Mabati ya kibanda chenu kule nani anayapigilia kila mwaka? Tena na goti langu hili bovu?”

Hinepare hakuwa amemwambia kwamba ni yeye. Hakuona sababu ya kumwambia mtu kwamba kwao bado ni kwao.

Hati ya mahakama, inayomtambua kuwa mrithi wa haki ya Ngaire, sasa imebandikwa kwenye mlango wa friji. Fergus anawashukuru watu asiowajua ambao walidai sheria ibadilishwe yeye akiwa mtoto. Anamshukuru Jocelyn na karani. Akifika kwenye habari ya mabati ya Hinepare, kisu kinasimama kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo.

Mwenye banda amempa likizo ya wiki tatu bila malipo, kuanzia Aprili. Atakwenda na Catriona, na Jocelyn kwa ruhusa ya mwenzi wa ndoa. “Mpakeha wa kibali,” Jocelyn anajiita mwenyewe. Hinepare naye atakwenda, kwa mara ya mwisho, anasema, ili amwonyeshe Fergus mashimo ya ndege ambayo Ngaire hakuwahi kumwonyesha.

Jumapili, jikoni kwa Hinepare, ndege wa mwisho wa mwaka jana amechemshwa kwa kubadilisha maji mara tatu, chumvi itoke, na kupakuliwa na viazi. Catriona, mjamzito, anaongeza sahani ya pili. Mtoto akizaliwa Septemba, Aprili ya mwakani naye atakwenda kisiwani.

Fergus anafuta vidole. Anatazama dari, midomo ikicheza.

“Catriona ni moja ya thelathini na mbili,” anasema taratibu. “Huyu mjukuu atakuwa moja ya sitini na nne. Sitini na nne, mama mkubwa. Kweli hawatamcheka?”

Hinepare anamaliza kwanza kufyonza mfupa wake.

“Ulipofika kisiwani na wiki zako tisa, nilikuogesha mimi, kwenye karai. Niliogesha mtoto mzima, Fergus. Hakuna aliyeniletea kipande.”