Mganga wa Mchezoni

Tulikuwa watoto wanne pale kijijini Chinongwe: mimi, kaka yangu Saidi, Somoe binti wa mama mdogo, na Hamisi mtoto wa jirani. Niliwakumbuka juzi, mjukuu wangu Shamimu alipokuwa anacheza vita vya kubuni na mtoto wa mwalimu, kwa dadu na karatasi. "Bibi, mimi mganga," akaniambia. "Sipigi mtu, ila aliyekufa namwinua."

Sisi tulirusha korosho, chini ya mikorosho, mabibo yaliyooza yakinukia utamu na uchachu. Korosho ikilala mgongo juu, umempiga mwenzako. Saidi alikuwa askari, anarusha mara mbili. Somoe mwindaji, anapiga walio mbali. Mimi mganga: nikimgusa aliyeanguka kwa jani, lazima ainuke.

Siku moja Saidi alikuwa na homa, akatoroka kitandani aje kucheza. Hamisi akarusha, Saidi akaanguka.

"Huyu anajua kufa!" Hamisi akacheka.

Nikamgusa kwa jani. Hakuinuka.

"Mguse kichwani, we," akasema Somoe.

Nikamgusa kichwani. Palikuwa pa moto kama chungu. "Saidi, inuka bwana, nishakugusa!" Nikakasirika, nikaona anavunja sheria makusudi.

Tulimzika kesho yake. Miaka mingi nilidhani nilichuma jani baya. Sasa najua ilikuwa homa, na kujua huko hakujanisaidia kitu.

Hamisi naye hayupo. Somoe, ukisomewa haya huko Nambambo na ukaona nimekosea, nisahihishe. Niambie aliinuka, hata kidogo.