Mlango wa Ukumbi wa Wanawake

Juzi nilikuwa kwa fundi wa simu mjini Lamu alipoingia mama mmoja wa Kipungani na binti yake wa kidato cha pili. Mama aliiweka simu ya binti juu ya kaunta kwa ncha za vidole, kama kaa la moto.

"Mwanangu, nifutie ile video. Kote," akamwambia fundi.

Binti alikuwa amejirekodi akicheza harusini, upande wa wanawake, buibui kalivua. Alimtumia binamu yake wa Mombasa aliyekosa kuja, naye akawatumia wengine.

"Hapa nimeifuta, Bi," fundi akasema. "Kwenye simu za watu siwezi."

"Na mwalimu wao alipohamishwa, simu hii ndiyo iliyomfundisha hesabu," mama akasema, kama anayeitetea.

Binti akashusha ushungi hadi machoni.

Mlangoni mwa harusi zetu huketi mama mmoja mkali, kazi yake kuzuia wanaume. Siku ile hakupenya hata mmoja. Ukumbi wenyewe ndio uliowafuata barazani.

Walipokwisha kuondoka ndipo nilipotanabahi. Mama aliposema "ile video", fundi hakumuuliza ni ipi.