Muuza Magari wa Mbugani Bahi na Mota ya Marehemu Yona

Anayeamini mambo haya hutokea usiku tu, aendelee kulala mchana. Mimi yalinikuta saa sita, jua la Bahi liko utosini, nimeshiba ugali wa uwele na mlenda, sijalewa wala sina homa. Nimesoma masomo ya jioni mpaka nikamaliza kidato cha nne, na fizikia niliifaulu hadi mwalimu akaniomba daftari langu akajisomee. Kwa hiyo usinihesabu na wale wanaokimbia kanisani kila paka mweusi akipiga chafya. Nakueleza nilichokiona, na anayetaka kubisha aje Nzuguni anibishie uso kwa uso.

Chanzo ni mota. Mdogo wangu Yona, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa simu na redio. Alifariki akiwa ameshanunua mota ya gari la rimoti, ila gari lenyewe hajalipata. Sizungumzii zile mota za mdoli zenye waya mbili, zinazotoa moshi ukizitazama kwa hasira. Hii haina brashi, ina waya tatu, nene kama betri kubwa ya tochi, na nguvu yake, niamini, ingevuta mkokoteni wa maji pamoja na punda amepanda juu.

Tulipoanua matanga, ndugu wakagawana vitu. Shemeji yangu, mume wa dada, ambaye hospitali alikuja mara moja tena kwa muda wa kumaliza soda, akabeba pikipiki. Binamu akakumbatia spika kama vile amezizaa. Mimi nikasema nataka ile mota.

"Chukua, chukua," shemeji akasema huku akicheka mpaka meno ya nyuma yakapunga hewa. "Utasagia karanga."

Unaona watu wenyewe? Mtu hajakauka kaburini, wao wanapima urefu wa televisheni. Nikaapa palepale kwamba mota ya Yona itakimbia ndani ya gari kama alivyotaka, hata kama nitalichonga gari hilo kwa meno.

Basi nikaanza kutafuta. Ndugu msomaji, umewahi kuingia madukani Dodoma mjini ukatafuta gari la rimoti la maana kwa bei ya binadamu? Duka la kwanza, muuzaji mwenye ndevu tatu akanipa lori jekundu lenye taa kama harusi. Nikaligeuza tumbo juu. Gia plastiki. Ekseli plastiki. Mahali pa kukaa mota, tundu ambalo panya akipita anabana pumzi.

"Mota yangu itakaa wapi humu?" nikamuuliza.

"Utaibandika na gundi, kaka."

Gundi! Mota ile ikipigwa umeme, gia za plastiki zinageuka unga wa lishe kabla hujasema amina. Magari ya kweli yapo, ya kuagiza, gia za chuma, lakini kwa bei yake unapata ng'ombe mwenye mimba na zizi lake. Nilichotaka kilikuwa kitu kidogo tu: gari kuukuu, hata halina bodi, hata halina mota, mradi gia ni za chuma na mota ya unene wa yangu inaingia pale bila kubembelezwa. Wauzaji wote waliniangalia kana kwamba naulizia meno ya kuku.

Ndipo kwenye kundi letu la wasapu mtu akaandika kwamba mbugani Bahi yupo jamaa mwenye malori ya rimoti, hataki hela, anabadilishana vitu. Wenye akili wangejiuliza. Mimi nikaifunga mota kwenye leso, nikaitia mfukoni nikaipimie huko, nikamwita Lazaro, dereva wa bodaboda wa kijiweni kwetu, tukaondoka.

Tulipofika, Lazaro akasimamisha pikipiki kando ya barabara. "Mimi nakungoja hapa, kaka. Huko vumbi litakula cheni yangu."

Ukikosa kuliona vumbi la Bahi wakati wa kiangazi, hujui vumbi. Majaruba ya mpunga yamekauka, udongo umepasuka, na juu yake unga mwepesi kiasi kwamba mbuzi akikohoa, wilaya nzima inafuta macho. Nilitembea natimua wingu kama lori la kokoto. Mbele nikamwona mtu ametandika turubai katikati ya uwazi mtupu. Suti nyeupe. Viatu vyeupe. Na vyeupe kweli, bila hata doa! Hilo peke yake lilitosha kunirudisha nyumbani, lakini mimi nikamdharau tu, nikadhani ni hawa matapeli wa mjini wanaojipaka mafuta mpaka vumbi linateleza.

"Mbukwa, mdogo wangu," akanisalimu Kigogo.

"Mbukwa." Shikamoo sikumpa. Aliyevaa suti kwenye majaruba hajastahili.

Upande mmoja wa turubai palikuwa na malori. Upande wa pili, takataka: simu ya kitochi, kandambili, redio ya mkulima, kofia, kitambaa cha kichwa cha mama mtu mzima, miwani. Sikuvijali. Nilikuwa nimeshaona lori moja la bluu, magurudumu mapana kama mikate ya boflo, springi nne, linameta.

"Hili lina mota yake," akasema. "Nipe hiyo iliyo mfukoni, ulichukue."

Sikuwa nimemwambia kitu kuhusu mfuko wangu. Ungefanya nini? Ungekimbia. Mimi nikasema, "Kwanza nilijaribu."

Akanipa rimoti. Ilikuwa baridi, baridi ya samaki. Nikasukuma kwa vidole gumba, na lori likaondoka. Ndugu yangu, lilikwenda! Liliruka tuta la jaruba, likageuka angani, likatua kama njiwa. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Nikafikiria Yona angelionaje, angecheka vipi.

Hapo ndipo nikakwama. Angecheka vipi?

Yona alikuwa na cheko ambalo mtaa mzima ulilijua. Nililitafuta kichwani, nikapata mdomo wake umefunguka, meno yapo, sauti hakuna. Kama televisheni iliyozimwa sauti. Nikaendelea kusukuma vidole, na uso nao ukaanza kufifia pembeni.

Nikaangalia chini nijikusanye, macho yakaangukia ile miwani. Mkono mmoja umefungwa kwa waya wa shaba. Waya ule aliufunga Yona mwenyewe, mezani kwake, mimi nikimwangazia tochi. Ilikuwa miwani ya Mzee Ndahani, jirani yetu wa Nzuguni, ambaye tulimzika kabla ya Yona. Wanawe walituambia imepotea.

"Hii umeitoa wapi?"

"Wanawe waliniletea kwa hiari," akasema, mpole kama karani wa benki. "Walitaka televisheni kubwa."

Nikaikumbuka ile ibada ya shukrani ya Mzee Ndahani. Mwanawe mkubwa alisimama kumwelezea baba yake, akameza mate, akasema, "Baba alikuwa mtu. Alikuwa mtu wa kawaida." Akaketi. Mzee aliyewalea saba kwa jembe la mkono! Sisi tulidhani ni uchungu. Kumbe hakuwa na cha kukumbuka. Walikuwa wameshakibadilisha na televisheni.

"Na wakishakupa, wanawasahau watu wao?"

"Hawalalamiki," akasema. "Ulishamwona yeyote akilalamika? Nipe, mdogo wangu. Gari si unalitaka?"

Nililitaka. Sitakudanganya, mkono ulikuwa umeshaingia mfukoni na leso imeshatoka. Kilichoniokoa si sala wala ushujaa. Ni mazoea ya fundi: gari hulichukui hujaona tumbo lake. Nikalirudisha lori karibu, nikalipindua.

Gia plastiki.

We! Hasira iliyonipanda ingechemsha maharage. Yaani umetoka kuzimu, au popote ulikotoka, una suti, una uwezo wa kumfuta marehemu kichwani mwa ndugu yake, halafu unaniletea gia za plastiki? Nikaitupa rimoti juu ya turubai.

"Mzee, huna hata aibu? Takataka gani hii? Gia hizi zinakatika hata zikipigwa na kwikwi! Hata huko kwenu mnauza feki?"

Akalitazama lori lake, akanitazama mimi. "Wengine hawaangalii gia," akasema polepole.

"Ndiyo maana umewapata hao. Malimbukeni wenzako."

Hapo nikaona nilichotakiwa kuona tangu mwanzo. Lori lilikuwa limezunguka jaruba zima, na chini hapakuwa na mburuzo hata mmoja wa tairi. Kulikuwa na nyayo zangu tu, za kuja, na vumbi limetulia kama uji uliopoa. Kabla sijapiga kelele chamchela ikanyanyuka palepale turubai lilipokuwa, nyembamba, ndefu, ikazunguka ikaondoka kuelekea upande wa reli. Nilipofuta vumbi machoni hapakuwa na mtu, lori wala miwani. Mota ilikuwa mkononi mwangu ndani ya leso.

Nilirudi barabarani kwa mbio ambazo swala angeomba kupumzika. Lazaro alikuwa ameinamia usukani, anacheka machozi.

"Kaka, ulikuwa unafanya nini kule? Umesimama peke yako, mikono mbele, vidole vinacheza. Unaendesha rimoti ya hewa?"

"Washa pikipiki."

"Halafu unaitukana ardhi! Gia imefanyaje?"

"Lazaro, washa pikipiki!"

Gari nililipata baadaye kwa fundi mmoja wa Nzuguni: kuukuu, halina bodi, bampa limeungwa kwa bati, baya kama kosa. Lakini gia chuma, na mota ya Yona iliingia kama imezaliwa mle. Jumapili nalipeleka uwanjani linatimua vumbi mpaka majirani wanaanua nguo. Shemeji alikuja kulitazama akasema, "Kumbe ndo ile ya karanga?" Nikalipitisha gari mbele ya viatu vyake. Mtu wa aina ile ukimjibu unamkuza.

Ila sikutoka salama. Vidole gumba vyangu vyote viwili ni laini kama kikombe cha kaure, havina mstari hata mmoja. Nilikwenda kusajili laini ya simu, binti wa kibandani akanisugua kwa spiriti, akanisugua kwa limau, "Anko, weka tena, anko, kandamiza," mashine ikakataa mpaka nayo ikazima. Natumia laini ya mke wangu. Anasoma kila ujumbe.

Hilo navumilia. Cheko la Yona limerudi, nalisikia vizuri. Lakini kuna jina la utani alilokuwa akiniita tangu utotoni, yeye peke yake. Dada amenitajia, mama amenitajia, wanashangaa naulizia nini. Nikilisikia, ni kama wanamwita mtu wa mtaa wa pili. Hilo lilikwenda na chamchela, ndiyo bei ya lile jaruba moja nililozungusha gari la bure.

Kwa hiyo wewe uliyerithi redio mbovu, au kofia, au miwani ya waya, na unaiona takataka: itunze takataka yako. Akija mtu msafi akakupa kinachometa bila kutaka hela, usimwamkie wala usiguse rimoti yake, hata kwa kujaribu. Usisubiri mpaka uone gia. Siku hizi huenda ameshaweka za chuma.