Sentensi Moja ya Fundi Friji

Saa mbili asubuhi, fundi friji anachana kipande cha gazeti la jana, anakibana kwenye mlango wa friji nyeupe iliyochubuka ubavuni, kisha anakivuta. Kinatoka bila ubishi.

"Umeona? Mpira umekufa," ananiambia. "Baridi inatoroka, mashine inahangaika bure. Mtu akiona hivyo anadhani friji imekwisha. Wala! Kazi ya saa moja hiyo."

Karakana yake ni chumba kimoja chenye benchi, mitungi miwili ya gesi na kiti cha mgeni kilichopoteza mguu mmoja na kuwekewa tofali. Kazi hii ameifanya miaka kumi na tisa. Wiki nzuri hupata friji tano. Wiki mbaya hupiga miayo.

Miaka sita iliyopita alifungua tovuti ya kufundisha watu kutunza friji zao. Anaandika kama anavyoongea, kwa utani mwingi, na wasomaji wakampenda.

Mwaka jana akaandikiwa na dalali wa kampuni kubwa inayouza friji mpya. Kampuni kama hizo hununua linki, yaani maneno ambayo ukiyabonyeza yanakupeleka kwenye tovuti yao. Kurasa zinazoaminika zikielekeza watu kwenye tovuti ya kampuni, nayo hupanda juu kwenye orodha watu wanapotafuta friji mtandaoni.

"Aliniambia, 'Fundi, ni sentensi moja tu, hutaisikia hata uzito.' Akaileta imeshaandikwa: friji ikipita miaka kumi usihangaike na fundi, nunua mpya. Malipo yalitosha kodi ya karakana miezi mitatu. Nikaibandika. Nikasema, nani anasoma mstari wa mwisho?"

Mama mkwe wake anasoma.

Mama huyo ni mjane, na hakosi makala hata moja ya mkwewe. Huwasomea majirani kwa sauti. Friji yake ilipoanza kusumbua, aliona haya kumwita, maana alijua hatakubali malipo. Akafungua tovuti, akasoma mpaka mwisho, akabonyeza, akanunua friji mpya. Akiba ya kuezeka chumba cha nyuma ikaishia hapo.

"Tulipomtembelea akanishika mkono mpaka jikoni," anasimulia fundi. "Anatabasamu. 'Baba, nimefuata ushauri wako.' Nikamuuliza, ile ya zamani ilikuwa na nini, mama? Akasema, 'Mlango tu, ulikuwa haushiki.' Nilitamani ardhi ipasuke inimeze."

Mkewe, aliyekuja karakana kuleta chai, hakunyamaza siku ile na hanyamazi leo.

"Mama yangu hakuiamini kampuni, hata jina lake halijui," anasema. "Alikuamini wewe."

Siku iliyofuata ziara ile, fundi aliifuta sentensi hiyo, na malipo ya dalali anayarudisha kidogo kidogo. Kisha akazunguka siku mbili kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, mpaka akaikuta friji ya zamani ya mama mkwe, aliyokuwa ameshawauzia, imelazwa chini ya mabati.

Ndiyo hii nyeupe.

Duka lililomuuzia mama friji mpya huipokea tena na kurudisha fedha ndani ya siku thelathini. Zimebaki siku sita, na mama mkwe bado hajui lolote.

Fundi anavalisha mlango mpira mpya, anaupasha moto kwa mashine ya kukaushia nywele ya mkewe mpaka ukae sawa. Anabana kipande kingine cha gazeti. Anavuta. Gazeti linachanika.

Anacheka peke yake, kisha ananionyesha simu. Makala mpya iko tayari, inahusu mpira wa mlango, na mstari wa kwanza ni wa kuomba radhi. Hajaiweka hewani.

"Nikiiweka sasa, yeye ndiye atakuwa wa kwanza kuisoma. Sitaki aisome. Jumamosi nampelekea friji yake, nataka aisikie kwangu, nimesimama palepale jikoni."

Je, anaogopa kufukuzwa?

"Akinifukuza nitarudi, ni mama yangu," anasema, akiupangusa mlango ambao tayari ni safi. "Naogopa ataacha kuwasomea majirani."